Dalali Aliyengoja Kuitwa

Isaak hajawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Watu wa Kitengela wenye midomo yao husema kwamba hata siku ya kuzaliwa alichungulia nje, akaona bei si nzuri, akarudi ndani kungoja aitwe tena. Huo ni uzushi, ila ni uzushi unaomkaa vizuri kama kofia yake.

Kazi yake ni udalali wa mifugo. Siku ya soko huko Kajiado husimama katikati ya Mmasai mwenye fahali na mwenye bucha kutoka Nairobi, na pale neno kubwa halisemwi kwa mdomo. Isaak huvua shali begani, huitandaza juu ya mikono miwili, na vidole huzungumza chini yake. Ukishikwa kidole kimoja ni moja, ukishikwa mkono mzima ni tano, na kuanzia hapo watu hupanda na kushuka mpaka waelewane. Wanaotazama huona shali ikitikisika tu. Kilichosemwa chini ya shali hakirudiwi juu yake, hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Silaha yake ya pili ni miguu. Bei ikikwama Isaak hakasiriki. Hujikung'uta vumbi, husema Mungu ataleta mwingine, kisha huondoka polepole akiwa amempa muuzaji mgongo, na mgongo ule, wenzake huapa, una masikio. Kabla hajafika langoni ataitwa. Siku zote ameitwa. Kugeuka kabla ya kuitwa ni aibu, kwa sababu anayerudi mwenyewe hana tena cha kubisha, hulipa kilichotajwa.

Sasa mtu wa namna hii mpeleke kwa daktari uone.

Aliyemfanya apelekwe ni kaka yake mkubwa, Jeylani, anayefuga kuku kule Isinya. Zamani Jeylani alikuwa akimaliza paja la mbuzi peke yake, kisha anauliza lile lingine ni la nani. Halafu akapata saratani ya tumbo, ikagunduliwa ikiwa imekomaa, na madaktari wakaliondoa karibu tumbo lote. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini siku hizi kwenye karamu hukaa mwisho wa mkeka na kisahani cha chai mkononi, ndani yake wali wa kumshibisha kifaranga, anakula kidogo, anapumzika, anakula tena. Ukoo ule humtania kila mtu, hata bwana harusi mbele ya wakwe zake, lakini kile kisahani hakuna aliyewahi kukigusa kwa utani. Kimya hicho kilimuuma Isaak kuliko ugonjwa wenyewe. Kifo hakukiogopa sana, kwa kuwa kiko mikononi mwa Mungu. Aliogopa kisahani.

Madaktari wa Jeylani walikuwa wamesema ndugu zake wote wapimwe. Isaak aliona hiyo ni bei ya kwanza. Sharifo, mkewe, hakuona hivyo. Alimchukua asubuhi moja akimwambia wanaenda kumwona mgonjwa, na alipofika hospitalini pale Kitengela ndipo akagundua mgonjwa ni yeye. Kamera ikapita mdomoni ikashuka tumboni, ikatazama huku na huku, ikachota kipande cha kupimwa.

Majibu yalipotoka, waliitwa na Daktari Akoth, mama mpole mwenye sauti ya chini ambaye kazi hii ya kutibu tumbo kupitia mdomoni alikwenda kujifunza mpaka Japani. Aliwaonyesha picha. Katikati ya wekundu kulikuwa na kidoa kilichofifia, bapa, kama mahali ukutani ambapo rangi imebanduka.

"Mzee Isaak, hii ni saratani," alisema. "Lakini tumeipata ikiwa bado mtoto."

Isaak alisikia lile neno la kwanza akaona kisahani. Aliposikia la pili akakumbuka kupumua. Daktari akaendelea taratibu. Ukuta wa tumbo umepangwa kwa matabaka, na kidoa hiki kilionekana kimelala juu juu, hakijazamisha mizizi. Hakuna haja ya kumpasua. Kingeweza kutolewa kwa njia ile ile iliyopita kamera, na tumbo likabaki lake lote, na paja la mbuzi likabaki halali yake.

Furaha iliyomjia haikuwa na adabu. Alicheka mpaka akapata kwikwi. Sharifo, aliyekuwa amebana machozi tangu swala ya alfajiri, alianza kucheka kwa sababu mumewe anacheka, kisha akacheka kwa sababu ya ile kwikwi, hata muuguzi akafungua mlango kuona nani anaolewa.

Daktari alingoja watulie ndipo akasema kwamba ziko njia mbili. Zote huanza kwa kudunga maji chini ya kidoa ili kiinuke, kama chapati inapofura kwenye kikaango. Tofauti inakuja hapo. Katika njia ya kwanza hurusha kitanzi cha waya, kikanasa kile kilichoinuka, kikakaza, na umeme ukakata. Ni kazi ya haraka, na mgonjwa haumii sana. Lakini kidoa cha Isaak kilikuwa kipana kuliko kitanzi, kwa hiyo kingetoka vipande vipande, na vipande haviungiki tena vizuri, hivyo maabara isingejua kwa hakika kama kingo zote ni safi. Kilichobaki kinaweza kuota upya. Njia ya pili hutumia kisu kidogo mno. Kinachora mpaka kuzunguka kidoa, kisha kinakichuna kutoka chini, polepole, hadi kitoke kizima kama ngozi isiyotoboka. Hiyo huchukua saa nyingi, damu inaweza kutoka zaidi, na bahati ikiwa mbaya ukuta wa tumbo unaweza kutoboka, ingawa mara nyingi tundu hufungwa papo hapo. Faida yake ni kwamba kipande kizima kinasomeka ukingo wote. Na kwa njia yoyote ile, mwenye neno la mwisho ni maabara. Ikionekana mizizi imezama, basi ni kupasuliwa, kama Jeylani.

Isaak akamuuliza yeye mwenyewe angechukua ipi. Daktari akasema kwa kidoa kama hiki angechukua kisu, lakini mwili ni wa Isaak na uamuzi ni wake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu Isaak hakusikia ushauri. Alisikia bei ya kwanza.

Akavuta kiti mbele, akatengeneza kofia. Akasema kisu ni kirefu mno, kitanzi ni kifupi mno, na watu wazima hukutana katikati. "Tufanye hivi, Daktari. Kisu izunguke, halafu kitanzi imalize."

Daktari Akoth alimkazia macho, kisha akatabasamu. Akamwambia hiyo nayo ni njia, iko kweli, na kuna madaktari wanaoitumia. Basi Isaak akavimba kwa furaha. Alimgeukia Sharifo kama mtu aliyevumbua moto. Lakini daktari akaongeza kwamba katikati ya kidoa chake kulikuwa na kovu dogo, na penye kovu maji hayainui vizuri, kitanzi kinaweza kuteleza kikararua. Kwa wengine sawa, kwake yeye hapana. Alishauri kisu mwanzo mpaka mwisho.

Bei imekwama. Isaak akasimama, akajikung'uta vumbi lisilokuwepo, akasema Mungu ataleta njia, akatoka.

Alitoka vile anavyotoka sokoni, hatua za kinyonga, mgongo ukisikiliza. Akapita wauguzi, akapita watu wa foleni, akafika langoni bila kuitwa. Akasimama kumsalimia askari wa lango kwa sauti kubwa kidogo, ili ijulikane hajafika mbali. Akamuuliza habari za mke, za watoto, za mvua. Aliyemfuata ni Sharifo na mkoba wake, aliyekuwa amedhani mumewe amekwenda kujisaidia, akamletea salamu za daktari kwamba afikirie vizuri kisha arudi.

"Ataniita," Isaak akasema.

Akarudi Kajiado akiwa na furaha ya ajabu, kwa kuwa ana saratani ambayo ni mtoto na ana mazungumzo ambayo hayajafungwa, na hakuna kitu kinachomnogea dalali kama hicho cha pili. Alilieleza soko zima njia zote mbili kwa kutumia kamba na kijiti. Kabla ya adhuhuri soko lilikuwa limegawanyika. Wafunga mafahali walikuwa upande wa kitanzi, wakisema kitanzi hakijawahi kuwaangusha. Wenye ngozi walikuwa upande wa kisu, wakisema ngozi iliyotoka vipande hata mbwa haitaki. Mzee mmoja wa Kimasai, ambaye tangu Isaak amjue humwambia "Supa" na kungoja "Ipa" kabla ya neno lolote, sasa akawa anaanza na habari za tumbo ndipo anasalimia. Nyumbani nako, shemeji yake Mustafe, mwenye duka la viatu mjini, alishika kitanzi kwa moyo wote kwa sababu ni cha haraka, na Mustafe hata sala yake ni ya haraka. Wakabishana, wakacheka, wakaapizana, na Isaak akawa katikati yao kama mwenye mali.

Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama mwingine. Ujumbe ulikuja kwenye simu kutoka hospitalini kumkumbusha arudi, lakini Isaak akasema ule umetumwa na mashine, na kuitwa na mashine si kuitwa. Simu yake aliiweka karibu hata wakati wa kula. Mara mbili tatu alijipitisha mbele ya hospitali bila shughuli yoyote, akikohoa.

Kisha ikafika siku ya karamu kwa Jeylani, Isinya, mjukuu amepata jina. Baada ya kula, watu wakamtaka Isaak awasimulie habari ya daktari, naye hakuhitaji kubembelezwa. Alisimama katikati ya mkeka, akawaonyesha alivyotoka. Akaonyesha mgongo. Akaonyesha namna alivyomsalimia askari. Sharifo mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kumkasirikia kwa jambo hilo, alicheka mpaka akajifunika ushungi, na Mustafe alilala chali.

Jeylani hakucheka. Aliweka kisahani chake chini.

"Mimi pia nilitoka," alisema.

Watu hawakuelewa. Wote walijua kwamba ugonjwa wa Jeylani uligunduliwa umechelewa, basi.

"Haikuchelewa," akasema. "Daktari wa kwanza aliona kitu ndogo tu, akaniambia nirudi wiki ijayo. Nikaona huyu ananiuzia. Nikatoka polepole, unajua vile sisi hutoka. Nikangoja aniite." Akamtazama mdogo wake. "Hakuniita, Isaak. Ni ugonjwa ndio iliniita. Hiyo ng'ombe ingine yote unaweza kuacha hapo sokoni. Hii iko ndani yako, haina soko ingine ya kwenda."

Isaak alibaki amesimama katikati ya mkeka, mguu mmoja bado umeinuliwa kwa ile hatua ya kinyonga. Aliushusha. Alipata hofu ambayo hakuwa ameipata hata siku ile ya lile neno la kwanza. Aliona aibu pia, kwa sababu kaka yake alikuwa ameibeba siri hiyo miaka yote, akala nayo kwenye kisahani, na ameitoa leo kwa ajili yake.

Kesho yake, kabla kliniki haijafunguliwa, Isaak alikuwa langoni. Hakuitwa. Askari akamuuliza habari za mvua, naye akajibu kwa neno moja. Daktari Akoth alipomwona alifurahi waziwazi, akasema amekuwa akimngoja.

"Ulikuwa unaningoja, na hukuita?"

Daktari akashangaa. Alisema kwao mtu akiaga kwa heshima hakimbizwi, huachwa akafikirie kwa amani, na ukimwita utakuwa umemdharau. Isaak alipomweleza habari ya mgongo wenye masikio, yule mama aliinamia meza akacheka mpaka miwani ikamtoka, kisha akapangusa macho na kumwambia, safari hii bila kucheka, kwamba hatamwachia tena. Siku hiyo hiyo akarudisha kamera kutazama. Kidoa kilikuwa vilevile, bado juu juu. Isaak akalipa bei iliyotajwa. Alichagua kisu.

Aliomba jambo moja tu. Majibu ya maabara asiambiwe kwa maneno mbele za watu, kwa sababu hakujiamini angeyapokea namna gani. Aambiwe chini ya shali. Kidole kimoja maana yake kimetoka kizima, kingo safi, mizizi haikuzama, tumbo ni lake. Mkono mzima maana yake ni kupasuliwa. Daktari alikubali, na Isaak akamfundisha. Mwanafunzi huyo alikuwa mzito. Alishika kidole kisichostahili, alichungulia chini ya shali, jambo ambalo hata mtoto wa soko halifanyi, na muuguzi aliyekuwa akitazama alilazimika kutoka nje. Isaak alimweleza na adabu zake pia, kwamba mtu hatoi bei ya mwisho mwanzoni, huanza juu akashuka. Daktari akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika moyoni.

Siku ya kazi alilazwa usingizi asubuhi, na ukumbi ukajaa. Upande wa kitanzi walikuja, upande wa kisu walikuja, na Mustafe akauliza saa ngapi ataamka kabla hata hajalala. Kazi ikawa ndefu kweli kweli. Mchana ukapita. Daktari alipotoka alikuwa amechoka lakini uso mkunjufu. Damu ilikuwa imetoka kidogo ikazibwa, ukuta haukutoboka, na kidoa kimetoka kipande kimoja. Wenye ngozi wakapeana mikono kama waliokichuna wao. Kilichobaki ni maabara.

Isaak alipozinduka hakujua yuko wapi, ila alijua kazi yake. Muuguzi alimwambia ataanza na kikombe cha uji mwepesi kesho, naye akiwa bado amefumba macho akasema nusu.

Nyumbani aliambiwa ale vitu laini, kidogo kidogo, mpaka kidonda cha ndani kipone. Sharifo akawa anahangaika jikoni atamwekea wapi huo uji kidogo, maana kila chombo cha nyumba ile kilinunuliwa kwa ajili ya walaji. Ndipo Jeylani akafika kutoka Isinya, akatoa kitu mfukoni mwa koti kilichofungwa kwa leso. Kilikuwa kile kisahani. Akakiweka mbele ya mdogo wake.

"Nakukopesha tu," alisema. Hakuna aliyejua kama anafaa kucheka.

Isaak alikula kwenye kisahani kile siku zote za kungoja, na kila alipokishika alilitazama ua lililochorwa pembeni, lililofutika kwa vidole vya kaka yake.

Siku ya majibu wote walikwenda. Chumba cha daktari kikawa kidogo, Sharifo kushoto, Mustafe mlangoni, Jeylani kwenye kiti cha ukutani. Daktari Akoth alikuwa na uso usiosema kitu, na Isaak akajilaumu kwa kumfundisha vizuri. Akavua shali, akaitandaza mezani. Akaingiza mkono wake. Daktari akaingiza wake.

Vidole vilikuwa baridi kwa kunawa. Vikaushika mkono wa Isaak wote, vidole vitano, kwa nguvu.

Basi. Isaak alifikiria mkeka na mwisho wa mkeka, akafikiria kwamba watakaa wawili pale, yeye na Jeylani. Sharifo aliona uso wake ukibadilika, akashika ukingo wa meza.

Lakini ule mkono ukaanza kulegea. Kidole gumba kikaachiwa. Kikaachiwa na cha pembeni, kisha kingine. Isaak alianza kuelewa, na hakuthubutu kuelewa. Mwanafunzi mzito alikuwa ameshika somo lote, hata lile la kwamba mtu hatoi bei ya mwisho mwanzoni. Daktari alikuwa anashuka. Kikaachiwa cha nne. Kikabaki kimoja, naye akakishika hicho kimoja, akakikaza, hakukiachia.

Sharifo akauliza amesema nini. Mustafe akauliza. Isaak alifungua mdomo, machozi yakapita kwenye ndevu zake zenye hina, akaufunga tena, maana kilichosemwa chini ya shali hakirudiwi juu yake. Akainyanyua ile shali kwa mkono wa pili, akageuka, akaufunika nayo mkono wa kaka yake. Akatafuta kidole kimoja. Akakishika.

Jeylani alikaa na kidole chake kimeshikwa, akitazama chini. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Sharifo akadhani analia, mpaka alipoinua uso.

"Basi rudisha kisahani changu," Jeylani alisema.